Satini Mbele ya Dirisha

Sina ugomvi na harusi. Ugomvi wangu ni na satini, hasa ile ya rangi ya dawa ya meno, ambayo siku hizi mtu haoi Nakuru bila kuitundika kila mahali.

Mama aliolewa katika kanisa la mawe lililojengwa na walowezi huko juu, kwenye mashamba ya baridi. Tangu daktari atuambie kwamba presha ya macho imekula karibu uwezo wake wote wa kuona, na kilichobaki nacho kinaondoka, alitaka kitu kimoja tu: kuliona tena dirisha la vioo vya rangi lililo juu ya madhabahu. Asubuhi ya harusi yake, alisema, jua lilipenya kwenye vazi la malaika pale dirishani likamwaga wekundu kwenye gauni lake, na shangazi zake wakadhani amemwagikiwa na kitu.

Basi Ijumaa moja niliazima gari la jirani, nikamchukua nyumbani kwake Bondeni mapema, tukapanda.

Kwa nje kanisa lilinituliza. Mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, madirisha membamba yenye vichwa vilivyochongoka, mnara usiojigamba. Ndani nikakuta kamati ya ukarabati wa kanisa imeshapita. Boriti za mwerezi, zile zilizopanda zikakutana juu kama viganja vya mtu anayesali, zimezibwa na dari ya jipsamu yenye taa za buluu. Nguzo za mawe zimepakwa rangi ya krimu. Mtunzaji wa kanisa alinionyesha dari kwa fahari.

"Hii ni maendeleo," akasema.

Kisha nikatazama madhabahuni. Dirisha halikuonekana. Kulikuwa na satini kutoka juu hadi chini, na herufi za kwanza za majina ya maharusi wa kesho zimebandikwa katikati. Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Nani aliwaambia dirisha lile linahitaji gauni?

"Tafadhali toeni hicho kitambaa kwa muda mfupi tu," nikamwambia dada aliyesimamia mapambo.

"Madam, hiyo haitoki. Tangu alfajiri tuko kwa ngazi tukipin hizo vitu."

"Kuna dirisha nyuma yake!"

"Najua. Ndio maana tumefunika. Hizo rangi zake zinaharibu picha."

Damu ilinipanda kichwani. Nikasema maneno yasiyosemwa kanisani. Mtunzaji akanikumbusha niko wapi. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anakumbuka. Mama, niliyekuwa nimemketisha benchi la mbele, akanivuta sketi.

"We mtoto, wachana na watu wafanye kazi."

"Hatukuja kuangalia kitambaa, Mama!"

Nikamweleza yule dada habari za macho, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akamtazama Mama. Akasonya, akapanda ngazi mwenyewe, akaanza kuchomoa pini moja moja.

Satini ikashuka bila kelele. Malaika alikuwa mkubwa kuliko nilivyomwazia, na jua la asubuhi lilikuwa limempata sawasawa. Wekundu ukateremka ngazi za madhabahu, ukafika benchi la mbele, ukamjaa Mama mapajani, ukapanda mikononi hadi kidevuni. Nilisahau hasira zote. Nikasimama kando yake nikisubiri aseme kitu. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea pale pale dirishani.

"Hawajatoa bado?" akauliza.

Yule dada akageuka juu ya ngazi, kitambaa mkononi, akanitazama.

"Bado, Mama," nikasema. "Hawa watu ni wabishi sana."

"Si nilikuambia uwaache." Akanyoosha mkono wake mwekundu kutafuta wangu. "Usigombane nao. Tutarudi siku ingine. Dirisha haliendi mahali."