Ndege ya Tanga Niliyoiondoa

Mwanangu, siku moja ya kipupwe naikumbuka kuliko zote nilizoishi, na nimeishi siku nyingi za fahari. Nilishuka na ndege kiwanja cha Wawi, kwetu Pemba, nimevaa suti ya kijivu, nikitoka Nairobi na stashahada ya uendeshaji wa safari za ndege. Hapana kijana wa Pemba niliyemjua mwenye nayo wakati ule. Nilianza kwa kupakia magunia ya karafuu bandarini Wesha, sikubebwa na mtu, na hilo nalisema bila haya.

Shirika la ndege lililoniajiri, lenye makao Nairobi, lilikuwa linajipanga upya. Lilitaka safari zote za visiwani zipitie kituo kikuu kimoja, Dar es Salaam, na ndege zitakazopatikana zifungue njia mpya za mbali. Mimi nikatumwa nipendekeze kama ndege ya Pemba na Tanga ibaki au iondolewe. Nilikaa ofisini Chake Chake siku mbili, nikasoma daftari la abiria waliojiandikisha mapema. Kila wiki majina mawili, pengine matatu. Nikaandika: iondolewe. Ripoti yangu ikasifiwa Nairobi, ikafuatwa.

Bi Mize, mamangu mdogo aliyenilea, alikuwa akienda Tanga kila mwezi kutibiwa macho, kwa nauli niliyompelekea mimi. Nilidhani atapitia Dar es Salaam, basi. Alipopata habari akaniita barazani kwake.

"Weye ndiye uliyeiondoa ndege?"

"Mamdogo, haina abiria. Daftari tupu."

"Tupu! Na ile miguu niliyokuwa nikiikanyaga mle ndani, ya mashetani?" Akacheka kidogo, kisha akanitazama. "Hebu n'ambie, ulipokwenda Nairobi ulimuaga nani?"

Nilimuaga yeye peke yake; majirani walijua nilipokwisha kufika. Kwetu safari haitangazwi, watu wanaogopa husuda. Walikuwa wakija kiwanjani asubuhi ileile, wanakata tiketi, ndege inajaa. Nililijua hilo tangu utotoni, na sikuliandika.

Nikapeleka barua ya pili, nikakiri kosa. Nikajibiwa kwamba ndege imeshapangiwa njia nyingine, hairudi. Kupitia Dar es Salaam kulitaka ndege mbili na kulala njiani, Bi Mize hakukuweza. Mwaka haukuisha, macho yake yote mawili yakazima. Nilipokwenda kumwamkia, alinipapasa uso akasema, "Umenenepa, mwanangu." Ndege hakunitajia tena mpaka alipofariki.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kuamulia watu, toka ofisini kwanza. Kasimame pale wanapopita, waulize, wasikilize. Elimu itafute, na ukiipata jivunie kama ninavyojivunia mimi, lakini isikufanye uone haya kuandika unayoyajua kwa kuzaliwa kwenu. Mwenyezi Mungu akuepushe na majuto kama yangu, na akujaalie mtu wa kukukemea ungali na wakati wa kurekebisha. Amin.