Dobi Asiyechuma

Ukimtaka dobi huyu, usihangaike kubisha mlango wa mbele. Zunguka nyuma, uani. Utamkuta amesimama mezani, pasi ya mkaa mkononi, anainyoosha kola ya shati la mtu mwingine kwa heshima ambayo mwenye shati hajawahi kuipata popote. Mtaa mzima umepita mikononi mwake: waliokwenda harusini, waliokwenda kazini, waliokwenda mahakamani wakitaka waonekane watu wema. Yeye mwenyewe huvaa fulana iliyotoboka kwapani. Ukimuuliza, anasema nguo zake ziko kwenye foleni.

Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa. Dobi hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alimlaza kwenye kapu la nguo safi, chini ya meza, na kazi ikaendelea. Watu wakambatiza mtoto Kipasi, na jina likamganda. Kipasi akakua, akasoma, akatafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha, na mwisho akapanda ndege kwenda nchi ya mbali kutandika vitanda hotelini. Huko shuka anazikunja kama alivyofundishwa na baba yake, kona juu ya kona, na msimamizi wake huwaita wenzake waje waone. Watu wakimuuliza dobi binti yuko wapi, hujibu kwa kifupi, "Kaenda kuchuma." Hulisema kwa fahari, kisha hugeukia pasi na kuupuliza mkaa wake, hata kama unawaka vizuri.

Siku moja Kipasi alimpigia simu akiwa kwenye mapumziko ya mchana. Wakaongea ya afya, ya mvua, ya kuku wa jirani. Halafu binti akasema, "Baba, huku nyanya ni nzuri kwa macho tu. Zinang'aa, lakini hazinukii. Nikija likizo nataka nichume nyanya hapo uani kwa mkono wangu, niile ikiwa bado ina joto la jua."

Hapo uani hapakuwa na nyanya. Palikuwa na kamba za kuanikia, mabeseni, na kuku huyo wa jirani aliyejifanya mwenyeji. Dobi angeweza kusema hivyo, wakacheka, yakaisha. Badala yake akasema, "Njoo tu, mwanangu. Utazikuta."

Basi akajitia kitanzi mwenyewe. Masika ilipoanza aliondoa kamba mbili zilizokuwa karibu na ukuta, akalima kipande kile kwa jembe la kuazima, akazimwaga mbegu za nyanya, mchicha na bamia kwa mtindo wa mtu anayenyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi. Zikaota. Dobi alifurahi mpaka akawa anawaonyesha wateja, wapende wasipende. Na kwa kuwa ni mtu asiyetupa kitu, akaona ni dhambi kumwaga maji ya kufulia wakati kuna viumbe vyenye kiu. Asubuhi moja akaimwagilia bustani beseni zima, lile lililokuwa na dawa ya kung'arishia mashati meupe. Kufika alasiri miche ilikuwa imepauka kuliko mashati.

Jirani yake, nesi mstaafu mwenye kimo cha kuchungulia juu ya ukuta bila kupanda kitu, akapaza sauti. "Dobi! Umefanya nini?"

"Nimemwagilia, jirani."

"Umefua! Mche si soksi, bwana!"

Nesi alikuwa na mdomo, lakini moyo wake ulikuwa safi. Alikuja upande wa pili na kumpa masharti kwa sauti ileile aliyokuwa akiwapa wagonjwa. Maji ya suuza ya mwisho tu, yasiyo na sabuni wala dawa. Mbegu za nyanya zianzie kitaluni, kivulini, na miche ihamishwe jioni jua likishapoa. Mbolea ya kuku ioze kwanza, usiimwage mbichi ukaiunguza mizizi. Udongo ufunikwe na nyasi kavu usikauke. Dobi aliyashika yote. Kuku naye akapata wadhifa wa maana, ingawa hakuacha kuparua.

Vuli ikaja na bustani ikakubali. Nyanya zilipanda vijiti alivyozifungia kwa vipande vya kamba za nguo, mchicha ukajaa, bamia zikachomoza moja moja. Na wakati huohuo Kipasi akapiga simu na habari njema: ameahidiwa likizo vuli itakapokuwa inaisha. Dobi alikata simu akapiga pasi suruali ileile mara mbili.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Nyanya ya kwanza ilipogeuka rangi, hakuigusa. "Ya Kipasi hiyo." Mchicha ulipofika kimo cha kukatwa, akaupita. Wa Kipasi. Bamia za Kipasi. Mwenyewe alikwenda gengeni kununua mboga, akazibeba akipita kando ya bustani yake iliyojaa, akaingia ndani kupika. Nesi alimwona, akashika kiuno.

"Jamani! Mmoja kaenda kuchuma nchi za watu, mwingine hapa uani kuchuma hataki. Ukoo gani huu?"

"Namsubiri mwenyewe."

"Mboga haisubiri, dobi."

"Hii itasubiri."

Haikusubiri. Na Kipasi naye hakuja. Alipiga simu kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia utotoni akivunja kitu. Hoteli imejaa wageni, likizo zote zimesogezwa mbele, hajui mpaka lini. Dobi akasema kazi ni kazi, mwanangu. Akamuuliza kama amekula. Akamwambia avae vizuri, maana amesikia huko kuna baridi. Alipokwisha kukata simu akatoka uani, na kwa mara ya kwanza akaitazama bustani jinsi ilivyokuwa. Nyanya zilikuwa zimepasuka, sisimizi wanaingia na kutoka. Mchicha ulikuwa umetoa maua na kuwa mgumu. Bamia ukizigonga zilikuwa zinalia.

Dobi aligeuza beseni chini juu, akalikalia, akalia. Tuseme ukweli, hakulilia mboga. Alikuwa amemtamani mwanawe kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alitamani kusikia kandambili zake zikiburuzwa uani, akatamani ile sauti iliyokuwa ikimwamsha akisinzia mezani: "Baba, umeunguza!" Tangu aondoke, hajaunguza nguo hata moja, kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Nesi alikuja, na safari hii hakufanya mzaha. Akakaa juu ya beseni la pili.

"Sikiliza. Mboga ukiichuma, inajua bado ina kazi, inakupa nyingine. Ukiiacha, inadhani imemaliza, inatoa mbegu na kujifia. Hapa humwekei mtoto kitu. Unaua tu."

"Sasa akija akute nini?"

"Akukute wewe, mzee mwenzangu. Hebu jikaze kisabuni, unichagulie nyanya moja nzuri katika hizi, tutoe mbegu."

Dobi alizikamua mbegu, akaziloweka mpaka utelezi ukatoka, akazisuuza. Kwenye kusuuza hakuhitaji mwalimu. Akazianika juu ya leso nyeupe ya Kipasi, ile aliyokuwa akienda nayo shule ya msingi, na zilipokauka akaikunja kona juu ya kona.

Masika iliyofuata dobi alijifunza kuchuma. Aliukata mchicha asubuhi, ukachipua tena, akaukata tena. Wateja walikuta fungu la mboga juu ya mashati yao yaliyokunjwa, wakauliza kama siku hizi anafua na kulisha. Nyanya aliwagawia majirani, watoto wakazila wakiwa njiani. Ila yeye mwenyewe hakuonja hata moja. Nesi alimbembeleza, akamtania, akamkaripia, ng'o. Ya kwanza ataila na mwanawe, na kwa hilo hakuwa na mjadala.

Kipasi alikuja kiangazi, bila kutangaza, maana alichoka kuahidi. Dobi alikuwa ameinamia shati la mteja aliposikia nyuma yake, "Hodi! Kuna nguo zangu hapa?" Akageuka. Pasi hakuiinua. Moshi ukaanza kupanda.

"Baba, umeunguza!"

Walikumbatiana wakicheka, wakilia, shati la watu likiteketea. Mpaka leo mteja yule anasimulia, na dobi hajawahi kujitetea.

Baadaye binti alitembea uani. Udongo ulikuwa mkavu umepasuka, vijiti vimesimama bila mimea, nyasi kavu zimepeperushwa ukutani. Bomba la maji lilikuwa limegoma tangu wiki iliyopita. Dobi alimfuata nyuma, aibu imemjaa.

"Umekuja wakati hakuna kitu. Zilikuwepo, kweli tena. Muulize Nesi."

"Najua, Baba."

"Zilikuwa nyekundu."

"Najua."

Likizo ilikuwa fupi. Ilikwenda mbio, na kila asubuhi dobi aliamka mapema apate kumsikia binti akipumua chumba cha pili. Aliona vidole vyake vimechanika kwa dawa za kusafishia, akavipaka mafuta kama zamani, na wote wawili wakajifanya ni jambo la kawaida. Siku ya mwisho akaitoa ile leso yenye mbegu zilizobaki.

"Tupande."

"Kiangazi hiki, Baba?"

"Kwenye kopo. Kivulini. Maji ya suuza ya mwisho yanatosha."

Kipasi aliitambua leso, akainusa kwanza. Kisha akapanda mbegu, akazifunika udongo kwa kidole gumba, akanyunyizia maji kwa kiganja, dobi amesimama kando akiwa ameshika kopo kwa mikono miwili.

"Zitaota lini?"

Angeweza kumdanganya. "Ukishaondoka," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa, akaongeza maji kidogo.

Ziliota. Dobi aliihamishia miche ukutani vuli ilipoingia, jioni, jua likishapoa. Akaifungia vijiti, akapogoa machipukizi ya pembeni, akamfukuza kuku. Na mchana mmoja, nyanya ya chini kabisa ikawa nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Akafuta mikono, akapiga simu.

"Imeiva. Nyanya yako ya kwanza."

Huko mbali kulisikika magurudumu ya toroli la shuka. "Inanukiaje?"

Dobi akainama, akanusa. Mtu aliyeishi na harufu ya sabuni hana maneno mengi ya harufu nyingine. "Inanukia hapa," alisema. "Inanukia uani." Kisha akaongeza haraka, "Nitakuwekea, mwanangu."

Toroli likasimama.

"Baba, usiniwekee. Chuma."

"Tulisema tutaila pamoja."

"Ndiyo. Chuma, uile karibu na simu. Nisikie."

Mkono wake ulikawia, lakini ukaenda. Nyanya ilikuwa na joto la jua, kama alivyotaka binti. Akaifuta kwenye fulana, akaisogeza simu mdomoni, akang'ata. Maji yakamtiririka kidevuni na machozi yakiyafuata, yakaingia kifuani. Akatafuna polepole ili binti asipitwe na kitu, na upande wa pili Kipasi alisikiliza mpaka ikaisha.

Fulana ile hajaifua. Ina doa jekundu kifuani, na mtaa mzima unamsema, dobi gani huyu. Ukimuuliza, anasema iko kwenye foleni.