Zuleikha na Leseni ya Nduguye

Zuleikha Abdalla alikuwa dobi wa hospitali mjini Malindi. Kwa miaka kumi na moja alizijua ajali kwa kuzifua: shuka ikija na mchanga uliogandamana na damu, hakuhitaji kuuliza imetoka wapi. Lakini Ijumaa moja ya mwaka 1985, shuka zilipoletwa, aliambiwa pia jina la dereva. Msellem. Ndugu yake, baba mmoja mama mmoja.

Msellem alikuwa akiwabeba wafanyakazi wa chumvi wa Gongoni kwa pikapu. Siku ile alipitia kwanza penye tembo la mnazi, akanywa. Kabla ya kufika Mambrui gari likaacha njia, likapinduka. Watu sita waliumia. Kahindi, mchota chumvi mwenye watoto wanne, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Mahakama ya Malindi ilimtoza Msellem faini. Lakini suala la kumfungia leseni lilikuwa la kamati iliyokaa Mombasa. Kamati iliita mashahidi mara mbili. Kahindi na magongo yake hakuweza safari ile, na wenzake hawakutaka kupoteza kibarua. Msellem alikwenda mara zote mbili, kanzu imepigwa pasi, akarudi kuendesha kama kawaida. Mara ya tatu, kamati ilisema, shahidi asipofika shauri litafutwa.

Wakati huo ulikuwapo mswada wa kuzihamishia kesi za namna hiyo kwenye mahakama za karibu. Mkuu wa tarafa akaitisha baraza Mambrui apate maoni ya watu. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Mahadhi, ami yake Zuleikha, aliyewalea yeye na Msellem baba yao alipofariki.

"Mombasa hapana amjuaye mtoto wa mtu," alisema. "Zikiletwa hapa, aibu ya kila nyumba itasomwa hadharani. Sisi tumefunzwa sitara."

Wengi waliitikia. Zuleikha akainuka upande wa wanawake.

"Shikamoo, Ami. Sitara ni njema. Lakini Kahindi nani amemsitiri? Kila akitoka nje watu wauona mguu usiokuwapo. Msellem ni ndugu yangu, na namtaja kwa jina, asije mtu akasema nimemsengenya. Anakunywa, kisha anaendesha. Kesi yake isikilizwe hapa, mbele ya huyo aliyeumizwa."

Mkuu wa tarafa aliandika, akainua kichwa. "Mswada ni safari ndefu, Bi Zuleikha. Huenda ukapita, huenda usipite."

"Na kesi ya mwezi ujao?"

"Hiyo bado ni ya Mombasa."

"Basi tutaifuata huko huko."

Nyumbani mama yake alimtengea chakula peke yake, siku baada ya siku, bila neno. Msellem naye alimfuata kazini, akasimama kati ya kamba za kuanikia.

"Wataka nile nini, dada?"

"Kula utakula. Una mikono."

"Mimi ni damu yako!"

"Najua. Nimekwambia mara ngapi kabla sijawaambia watu?"

Msellem alisukuma shuka iliyokuwa mbele yake, akaenda zake.

Siku ya kesi Zuleikha aliomba ruhusa kazini, akamfuata Kahindi alfajiri. Kwenye feri ya Kilifi Kahindi alikalishwa juu ya gunia la mihogo la abiria mmoja. Walipokaribia Mombasa akasema, "Bi Zuleikha, ukitaka turudi, mimi sitakulaumu. Yule ni nduguyo."

"Nikirudi leo," alimjibu, "kesho nitafua shuka za mwingine."

Mbele ya kamati Kahindi alieleza kila kitu: harufu ya pombe, mwendo, abiria walivyogonga bati wakimsihi dereva apunguze. Hakupaza sauti. Zuleikha alipoulizwa, alisema lile alilolijua: kwamba ndugu yake alianza kunywa miaka mitatu nyuma, na kwamba asubuhi ya ajali ile alimsihi asichukue gari. Msellem alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, akitazama sakafu. Leseni ikafungwa miaka miwili.

Msellem alirudi Gongoni akapata kazi ya kubeba chumvi kwa kichwa. Wala hakusema tena na dadake. Mama alianza kula na Zuleikha tena mwezi wa Ramadhani, bila kueleza kwa nini, naye Zuleikha hakuuliza. Juu ya mswada ule, hakuna aliyerudi Mambrui kuwapa habari. Zuleikha akaandikisha barua ya kuuliza, wanawake kumi na wanane wakatia vidole gumba, akaipeleka kwa mkuu wa tarafa mwenyewe kwa mkono wake.

Miaka miwili ilipotimia, Msellem alibisha mlangoni kwake. Alikuwa amekonda, shingo imemkomaa kwa mizigo.

"Kamati yataka mtu wa kunidhamini kwa maneno, ndipo nirudishiwe leseni," alisema. "Nimekuja kwako."

"Umeacha pombe?"

"Mwezi wa tano huu."

"Nitakwenda," alisema Zuleikha. "Nitawaambia miezi mitano. Sitaongeza hata siku."

Msellem akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kumwamkia mama yake.