Springi Zimemshika

Marehemu shangazi yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa winchi mgodini, ile mashine ya kushushia na kupandishia watu, mwenye maneno machache na mikono migumu. Siku moja ndugu yake mdogo alikuwa akishushwa shimoni ndani ya kizimba, umeme ukakatika. Kizimba kikasimama katikati, kikaning'inia.

"Breki imekwama!" msimamizi akapiga kelele, akiukimbilia mpini wa kuifungulia kwa mkono. "Tumshushe taratibu!"

Shangazi akajitia kati. "Ukiuvuta, kizimba kinaporomoka. Breki haijakwama. Hii hufungwa na springi, umeme kazi yake kuifungua tu. Umeme umekwenda, springi zimemshika."

"Ndugu yako yuko gizani, mama!"

"Ndiyo maana nakwambia usiguse."

Sauti ikapanda kutoka shimoni: "Dada! Mmelala huko juu?"

"Tulia, usitikisike!" akajibu, jasho likimtiririka. Springi hakuzitilia shaka, kwa kuwa alizikagua mwenyewe asubuhi ile. Alichoogopa ni huruma ya msimamizi na wachimbaji waliokusanyika wakimsogelea. Akaukinga mpini kwa mgongo, midomo ikimcheza kwa sala, wala hakubanduka hata walipomwita mkatili.

Umeme uliporudi, breki ikaachia, mota ikavuta. Ndugu yake akatoka amelowa jasho, amenuna.

"Kwa nini hamkunishusha tu, dada?"

"Tungekushusha, ungefika kabla hujamaliza kulitaja jina la Mungu."

Alipokwisha kusema hivyo akaketi pale pale sakafuni.