Kompyuta Waliyoifanya Mpya Nikiwa Kilioni

Nilipoteza macho nikiwa na miaka kumi na tisa, kwetu kwenye milima ya Masisi, kwa ugonjwa ambao daktari wa Goma aliniambia ungetibika kama ningeletwa mapema. Sitasema mengi juu ya hilo. Nalitaja kwa sababu kazi niliyopata baadaye ilitegemea kitu kimoja tu, kompyuta inayosema.

Nilijifunza kuitumia katika kituo cha vipofu hapa mjini Goma. Mwalimu wetu alikuwa kipofu pia, mtu wa Butembo, mkali, asiyetaka kuonewa huruma. Programu aliyotufundisha ilisoma kila kilichoandikwa kwenye skrini na kukitamka masikioni. Sauti yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, hivyo Kiswahili ilikitamka kama mgeni aliyeshuka uwanjani jana. "Watu" ilikuwa inasema "wati", midomo imechongoka kama ya mtu anayepuliza makaa. Majina ya vilima vyetu iliyavunjavunja kabisa. Lakini ndani yake kulikuwa na kamusi, mahali pa kuifundisha neno moja moja linavyotamkwa, nami niliifundisha kwa miaka. Ilifika mahali ikawa inataja kijiji alikozaliwa mama yangu vizuri kuliko watangazaji wa redio.

Niliajiriwa na shirika dogo lililokuwa likisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba kati ya wakulima na wafugaji. Wenzangu walikwenda vijijini, wakarekodi mikutano, wakaniletea sauti. Nilisikiliza mkutano kwa sikio la kushoto, na kwa sikio la kulia kompyuta ilinisomea ninachoandika. Kihunde ni lugha ya mama yangu, Kinyarwanda nilikiokota sokoni, Kifaransa ni cha shule. Pale ofisini hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile yote ya kusikiliza, kutafsiri na kuandika rapoti. Nilijua hivyo, na nilijivunia, labda kupita kiasi.

Kila asubuhi nilipowasha, sauti iliniambia kwamba kuna mise à jour zinasubiri, yaani mfumo wa kompyuta unaomba kusasishwa. Wenye macho wanakiona kidirisha hicho kwenye pembe ya skrini na kukifunga bila kukisoma. Mimi sikuwa na namna ya kutokisikia. Baada ya mwaka maneno yakabadilika. Sasa ilisema kwamba mfumo huu karibu utaacha kulindwa. Nikaenda kwa mkuu wetu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu ambayo hakuwahi kuipandisha.

"Mama, hii mashini inaomba mise à jour tangu mwezi wa kwanza."

"Iko inafanya kazi ao haifanye?"

"Inafanya."

"Basi unataka nini? Mega zetu za internet ni za kutuma rapoti."

Fundi wa kompyuta, aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi, alikuwa amezifunga mise à jour kwenye mashini zote. "Zinakula mega, mama," aliniambia. "Mutu anataka kutuma email, internet yote imekwisha." Nilimweleza alichotufundisha mwalimu: ukikubali kidogo kidogo kila mwezi, mashini haibadiliki ghafla, na wewe hubabaiki. Ukingoja miaka, watakuja kuibadilisha yote kwa siku moja, na hapo kipofu ndiye wa kwanza kupotea. Fundi alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliye na haraka. "Mwalimu wako anapenda kuogopesha watu," akasema.

Mwaka wa tatu nilichoka kuomba. Ijumaa moja niliichukua kompyuta ile hadi mtaa wa Mabanga, ninakokaa na mdogo wangu wa kike. Jumamosi tuliiunganisha na simu yake, kwa mega tulizonunua sisi wenyewe, tukazifungua zile mise à jour alizozifunga fundi. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili nilikaa nimeweka mkono juu ya mashini kuhisi kama bado ina joto, nikiogopa betri itakufa katikati ya kazi. Kufikia jioni nusu ya vile ilivyokuwa ikiomba vilikuwa vimeingia. Jumatatu niliwaambia wenzangu nilichofanya. Nilidhani watafurahi.

Jumanne nilikuta barua juu ya meza yangu. Ilikuwa demande d'explication, ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua: unaandikiwa kosa lako na unapewa saa arobaini na nane za kujibu. Iliandikwa kwenye kompyuta, ikachapishwa, ikatiwa muhuri. Kama wangenitumia faili lenyewe ningelisoma peke yangu. Waliniletea karatasi.

Nilitoka nayo nje hadi kwa mlinzi wa geti, baba mmoja wa Rutshuru tuliyemwita papa, aliyeacha shule mapema, kwa sababu yeye peke yake sikuona aibu mbele yake. Alinisomea kile Kifaransa silabi kwa silabi, huku wageni wakipita. Nilikuwa nimetoa mali ya shirika nje bila ruhusa, na nimebadilisha mipangilio yake bila idhini. Alipomaliza, papa alikunja karatasi akanirudishia.

"Mama, ulivunja kitu?"

"Hapana, papa. Nilitengeneza."

"Haya maneno hayasemi hivyo," akasema.

Nilijibu barua ile kwa mashini ileile. Niliomba msamaha. Mpaka leo msamaha ule unaniuma kuliko barua yenyewe.

Haukupita mwaka. Mgeni mmoja kutoka ofisi nyingine alichomeka kle yake, kile kidude kidogo cha kubebea mafaili, kwenye kompyuta ya mhasibu, kisha kwenye ya mkuu, nayo ilikuwa na virusi. Kufikia saa sita mchana hakuna faili lililofunguka. Skrini zote mbili zilikuwa na maandishi ya kudai malipo, na rapoti za miaka mitatu zilikuwa zimefungwa humo. Nilimsikia mhasibu akilia chooni. Kompyuta yangu haikupatwa. Sijui kama ni kwa sababu ya mise à jour za Jumamosi ile ama ni kwa sababu hakuna aliyenichomekea ile kle, na sitaki kudai nisichokijua. Ila hakuna aliyeniuliza.

Waliokuwa wakitusaidia kwa fedha waliandika kwamba mashini zote zifutwe na kuwekewa mfumo mpya. Wiki hiyohiyo mama yangu alifariki Munigi, kando ya mji, alikokuwa akiishi tangu alipoiacha milima. Kabla ya kuondoka nilimpigia fundi simu.

"Yangu usiiguse mpaka nirudi," nikamwambia. "Ile sauti iko na namba yake ya kuifungua, na ndani muna kamusi yangu. Tutafanya pamoja, mimi na wewe."

"Hakuna shida, mama. Pole sana na kilio."

Tulimzika mama siku ya Jumatano. Nilikaa wiki nzima na mama zangu wadogo, tukilala kwenye mikeka, tukipokea watu. Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini nikiwa bado nimefunga kitambaa cha kilio kichwani. Niliketi, nikavaa ekuteri masikioni, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Nilisikia feni ikizunguka. Nilingoja. Nikabonyeza tena, nikagusa waya wa ekuteri, nikautoa, nikaurudisha. Feni iliendelea kuzunguka, na hapakuwa na kingine.

Fundi alikuwa chumba cha pili. Alikuja akiwa na furaha.

"Mama, yako iko mupya kabisa. Sasa inakimbia."

"Sauti iko wapi?"

"Sauti gani?"

Kisha nikasikia pumzi yake ikibadilika. Alikuwa ameifuta yote. Programu ilikwenda, kamusi yangu ikaenda nayo, na vile vijiji vyote nilivyovifundisha. Mafaili ya kazi alikuwa ameyahifadhi, kwa sababu hayo ndiyo aliyoambiwa ahifadhi. Namba ya kuifungua programu ilikuwa imeandikwa ndani ya kompyuta yenyewe, na hilo lilikuwa kosa langu. Hata kama ningekuwa nayo, akasema, programu yangu ni ya zamani, mfumo mpya hauikubali. Ingebidi kununua nyingine.

Mkuu aliniita ofisini kwake. "Tutaweka hiyo programu kwenye bajeti ya mwaka ujao," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Kwa sasa utakaa mapokezi, utajibu simu. Na pole tena kwa mama."

Kazi yangu akampa wifi yake, mke wa kaka yake, kwa muda tu, alisema. Wifi alikuwa mama mzima mwenye adabu, aliyejua kupiga chapa haraka, lakini Kihunde hakukijua hata salamu. Aliwekwa kwenye meza yangu, mbele ya mashini yangu, hatua tano kutoka mapokezi. Hakupenda ekuteri, kwa hiyo alizifungulia zile rekodi sauti yote. Kila siku niliwasikia wazee wa kwetu wakieleza shamba linaanzia wapi na kuishia wapi, kisha rekodi ikasimama, na yeye akaniita.

"Mama, samahani, hapa muzee anasema nini?"

Nilimwambia. Akaandika. Akaendelea, akasimama tena, akaniuliza tena. Nilimtafsiria mikutano mizima kwa namna hiyo, simu ikilia mkononi mwangu. Rapoti zilitoka zikiwa na jina lake. Mhasibu alimsifu mbele yangu kwamba amejifunza upesi.

Miezi mitano nilikaa pale mapokezi. Namba ya mwalimu wangu niliyokuwa nayo ilikuwa imekufa. Hatimaye mwanafunzi mwenzangu wa zamani alinipa namba mpya. Mwalimu alikuwa amerudi Butembo. Nilimpigia nikiwa kwenye benchi nje ya geti, wakati wa mapumziko ya mchana, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Wamekuwekea mfumo mpya," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe umekaa miezi mitano ukingoja wakununulie programu."

"Ndiyo."

"Mfumo huo uko na sauti ndani yake. Unakuja nayo. Hainunuliwi. Unashika vitufe vitatu pamoja, basi, inaanza kusema."

Alinitajia vile vitufe. Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Fundi wenu hakujua?" akauliza.

"Hakujua."

"Na wewe?"

Ningejulia wapi? Niliujua mfumo wa zamani peke yake, kwa sababu ndio tulioambiwa tubaki nao. Kama wangeacha mise à jour ziingie miaka yote ile, na mfumo mpya ukaja wakati wake, ningekutana na sauti hiyo mapema, kwa utulivu, nikiwa na programu yangu ya zamani pembeni. Ningekuwa nimeijaribu na kuilaumu, na mwishowe kuizoea. Lakini kuna jambo jingine pia, nalo si la kumlaumu mtu. Katika miezi mitano sikuwahi kusema, nipeni mashini nusu saa, niipapase mwenyewe. Nilikuwa nimeshika hasira, na ile hasira ilinipa kitu cha kufanya.

Niliingia ndani. Wifi alikuwa anakula. Nilimwomba kiti, akanipisha bila kuuliza. Niliweka vidole kwenye vile vitufe vitatu, nikavishika pamoja. Mashini ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Kifaransa, yenye haraka. Ilinitajia jina la faili lililokuwa wazi, kisha ikaanza kusoma rapoti ya mkutano niliokuwa nimeutafsiri wiki iliyopita.

Mkuu alitoka ofisini kwake.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni mashini, mama," nikasema. "Ilikuwa inaweza kusema siku zote. Naweza kurudi kwenye kazi yangu leo."

Nilimsikia akishusha pumzi.

"Ni vizuri sana," akasema. "Lakini wifi ameshaweka sahihi kwenye mkataba mpaka mwisho wa mwaka. Siwezi kuuvunja kwa sababu ya vitufe. Tutaona mwakani."

Wifi alirudi kwenye chakula chake. Sikumlaumu wakati ule, na sasa pia sijui kama namlaumu. Fundi alipokuja mwezi uliofuata alisimama mbele ya meza ya mapokezi muda mrefu.

"Mama, sikujua," akasema.

"Najua kwamba hukujua," nikamwambia. "Nilikuomba ungoje, tu."

Huo mwaka ulipofika, hapakuwa na nafasi. Niliacha kazi mwezi wa pili. Sasa naandikia wengine nyumbani, Mabanga, kwa kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kila Jumatatu naifungulia mise à jour kabla ya kazi, nakaa mbele yake mpaka zimalize, nikisikiliza asilimia zikipanda. Sioni raha yoyote katika hilo. Nafanya kama mtu anayefunga mlango baada ya kuibiwa.

Wifi bado yuko pale. Namba yangu anayo. Miezi michache iliyopita alinipigia simu, kwa adabu kama kawaida, akanisalimia, akauliza habari za mdogo wangu. Kisha akaisogeza simu kwenye rekodi ili nisikie. Mzee mmoja wa Masisi alikuwa anaeleza kuhusu ule ukanda wa majani ambao mababu walikuwa wakiuacha kati ya mashamba mawili, ili jembe la mmoja lisije kuingia kwa mwenzake. Alitumia neno moja la Kihunde kwa ukanda huo, neno la zamani, ambalo nililisikia mara ya mwisho kwa mama yangu. Kesi yake yote ilisimama juu ya neno hilo.

"Anasema nini hapo, mama?" wifi akauliza.

Nikamwambia sijui. Alinishukuru, akanitakia siku njema, akakata simu.