Sehemu ya Mwanarusi

Saa nane mchana bucha za Majengo husinzia. Wa mchana wameshakula, wa jioni bado hawajatoka kazini, na nzi wenyewe hutua ukutani wakapumzika. Saa hiyo ndiyo aliyoichagua Makandi. Alisimama mbele ya kidirisha cha bucha ya Kasim, kompyuta ameibana kwapani.

"Shikamoo, Baba Mwanarusi."

Kasim alikuwa ananoa kisu. Mkono ukasita. Wateja walimwita Mzee Kasim, na msikitini aliitwa hivyo hivyo. Binti aliyemfanya aitwe Baba Mwanarusi alikuwa Doha, jikoni mwa hoteli, mwaka mmoja sasa na mwezi mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Angalia hapo chini, pana maji."

Alimfahamu vizuri. Makandi alikuwa binti wa wakulima wa Nkubu, amepanga chumba mtaa wa Dallas, hapa hapa mjini, na tangu mwaka wa kwanza chuoni alikuwa pete na kidole na Mwanarusi. Wote wawili walisomea sayansi ya chakula. Walipotakiwa kufanya utafiti wawili wawili, Mwanarusi alitoa wazo bila kufikiri mara mbili: wapime usafi wa magogo ya kukatia nyama.

Wenye bucha si watu wa kumfungulia mlango mwanafunzi mwenye vijiti vya pamba. Lakini Mwanarusi alizaliwa ndani ya harufu ya bucha. Babu yake mzaa baba alikuwa mchinjaji, na Kasim alianza kushika kisu kabla hajashika kalamu. Mama yake Mwanarusi, Mashavu, alipofariki, binti huyo wa miaka tisa alianza kufanyia kazi zake za shule juu ya kreti la soda pembeni mwa mizani. Kwa hiyo alijua pa kuanzia. Aliingia kwenye bucha, akaminya muundi kwa kidole gumba, akauliza ng'ombe ametoka wapi, akalalamikia bei kidogo. Alipofika kwenye pamba, mwenye bucha alikuwa keshamzoea. Bucha kumi na mbili zilimkubali. Yeye alikusanya sampuli, Makandi akabaki maabara kuhesabu bakteria.

Kisha nyonga ya Kasim ikamwangusha. Alipasuliwa, akalala miezi mitano, bucha ikafungwa. Mwanarusi akapata mkataba wa Doha kupitia rafiki wa shangazi yake. Chuo alikiomba likizo ya masomo. "Mwaka mmoja tu, Baba," alisema. Kasim, akiwa kitandani, aligeuza uso ukutani. Hakusema nenda, wala hakusema baki. Hadi leo neno alilopaswa kulisema lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na wala hakujua lilikuwa lipi kati ya hayo mawili.

"Tunawasilisha Alhamisi ijayo," Makandi alisema. "Sehemu yangu naijua. Ya Mwanarusi nikiisema inakuwa kama naimba wimbo wa watu wengine. Nimefikiri nije nikuambie wewe. Nikikosea utajua."

"Mimi? Mimi nilikomea darasa la saba."

"Si chuo ninachotaka. Nataka ya bucha."

Akaketi juu ya kreti, akafungua kompyuta, akaanza. Alisema kwa Kiswahili kwanza, kwa ajili ya Kasim. Kiingereza angekijaribu baadaye. Alikuwa anasoma haraka, kama anayekimbia mvua. Kasim alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ngoja. Umesema gogo linakwanguliwa kila jioni. Linakwanguliwa na nini?"

Makandi alitazama kompyuta. "Hakuandika."

"Hakuandika kwa kuwa anajua." Kasim akachukua panga kuukuu, akamwaga chumvi ya mawe juu ya gogo, akalaza panga na kulivuta kuelekea kwake. Utando mwembamba, mweupe kama ute wa yai, ukajikunja mbele ya makali. "Ukilisimamisha panga unalijeruhi gogo. Ukililaza linatoa uchafu. Shika. Hivyo. Usilifinye, si kuku huyo."

Makandi alicheka, kisha akavuta. Mara ya nne ndipo akapata.

Aliporudi kwenye maandishi, alisoma sentensi moja taratibu zaidi: "Gogo halioshwi kama sahani. Gogo hunyolewa."

Kasim alisimama akaenda kupanga maini ambayo yalikuwa yamepangwa. Maneno hayo yalikuwa yake. Alimwambia Mwanarusi siku alipomkuta akilimwagia gogo ndoo ya maji, mtoto wa miaka kumi na moja mwenye kanga ya marehemu mama yake kiunoni. Hakujua kwamba yalihifadhiwa. Sasa yalikuwa yanamrudia kupitia kinywa cha mtoto wa watu, yamevaa nguo za chuo.

"Soma tena hapo," alisema bila kugeuka.

Makandi alikuja kila siku wiki ile. Kasim alianza kuwahi kuuza ili saa nane ikute mikono yake imenawa. Aliweka kikombe cha pili cha chai. Wakati mwingine alifumba macho, na kwa nusu dakika, hasa Makandi alipovuta neno mwishoni kama alivyokuwa akivuta mwenzake, aliweza kujidanganya. Kisha lafudhi ya Nkubu ilijitokeza na udanganyifu ukavunjika.

Siku ya tatu walifika kwenye jedwali. Bucha hazikutajwa majina, zilipewa namba tu, na orodha ya majina alikuwa nayo Mwanarusi peke yake.

"Bucha namba nne," Makandi alisoma. "Gogo la mti wa muuru, zaidi ya miaka ishirini, lenye ufa upande wa mlangoni unaoweza kuingiza kidole. Humo ndani ya ufa ndimo tulimopata bakteria wengi kuliko kwingine kote."

Aliinua macho kusema jambo, akamkuta Kasim anatazama gogo lake. Makandi naye akalitazama. Ufa ulikuwa pale, upande wa mlangoni, mweusi na mrefu kama kidole cha kati.

"Uuui," alisema polepole. "Baba Mwanarusi, sikujua. Kweli sikujua."

Kasim alipitisha kidole kwenye ufa. Alikumbuka jioni moja kabla ya nyonga kumwangusha. Mwanarusi alikuwa amesema, "Baba, gogo hili tulibadilishe." Naye akamkaripia mbele ya wateja: "Gogo hili ndilo lililokulea. Usiniletee chuo hapa ndani." Mwanarusi akafunga nyama ya mteja, na hakulitaja tena. Lakini aliliandika. Wala hakuandika kwa hasira, maana baada ya maelezo ya ufa alikuwa ameongeza: mwenye bucha hulinyoa gogo lake kuliko wote, kosa si la mkono bali la mti.

"Naweza kuiruka," Makandi alisema.

"Yeye hakuiruka."

"Lakini—"

"Endelea, mwanangu."

Jumatatu Kasim aliwaita wapagazi wawili, gogo likatolewa. Pale liliposimama pakabaki duara jeupe sakafuni, na Kasim alilitazama duara hilo muda mrefu kuliko alivyolitazama gogo.

Siku hiyo Makandi alikuja ameshuka uso. Daktari Mutembei, mwalimu aliyesimamia utafiti wao, alikuwa amemwambia kwamba ukurasa wa kwanza uwe na jina moja. Mwanarusi yuko likizo, sheria haimruhusu kuwasilisha.

"Nifanyeje?" aliuliza.

"Sheria ya chuo ni ya chuo," Kasim alisema. Lakini chai yake ilipoa kikombeni.

Alhamisi alifunga bucha, akavaa kanzu na kofia ya Idi, akapanda bodaboda hadi chuoni. Aliketi kiti cha nyuma kabisa, mkongojo katikati ya magoti. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Kasim kilitosha kuuza mbavu tu. Ukutani pakatokea jina moja. Alilitarajia, lakini aliinamisha kichwa.

Makandi alianza kwa sauti nyembamba, ikanenepa taratibu. Alimaliza sehemu ya maabara. Halafu akasema jambo refu, na katikati ya Kiingereza kile Kasim akasikia waziwazi: Mwanarusi Kasim. Makandi alilitamka kwa kulisimamia, si kwa kulipitia. Daktari Mutembei aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akamtazama, akarudi kwenye karatasi.

Kasim hakuhitaji mkalimani tena. Alijua walipofika kwa mikono ya Makandi. Mwalimu mmoja wa kike alipouliza swali, Makandi alilaza kiganja hewani akakivuta kuelekea kifuani, polepole, bila kufinya. Kisha mwalimu mwingine akauliza, na humo Kasim akasikia namba nne. Makandi alitazama nyuma ya ukumbi.

Kasim akasimama, mkongojo ukagonga sakafu.

"Kama mnauliza iwapo mwenye gogo amejulishwa, walimu wangu, amejulishwa. Gogo amelitoa Jumatatu."

Ukumbi uliganda, kisha mtu akapiga makofi mawili matatu, akaona aibu, akaacha.

Nje, Daktari Mutembei alimpa Kasim mkono. "Nafasi ya binti yako ipo hadi Septemba, Mzee. Baada ya hapo ataomba upya, na upya ni mgumu."

Kasim aliibeba habari hiyo hadi Ijumaa kama mtu aliyebeba yai. Mwanarusi alipopiga simu, hakumwacha amalize salamu.

"Nafasi yako ipo, mama. Hadi Septemba. Daktari amesema kwa mdomo wake."

Kwenye simu kulisikika maji yakitiririka na sahani zikigongana. Kisha maji yakafungwa.

"Nilitia saini mwaka mwingine, Baba. Mwezi jana. Sikujua nikuambieje."

Kasim aliketi juu ya kreti. Neno lile lililomkwama likapanda, na safari hii akalijua. "Nilitaka ubaki," alisema. "Siku ile. Nilitaka ubaki, nikatazama ukuta."

Sauti ya Mwanarusi ilikuwa ndogo.

"Makandi alivaa nini?"

"Gauni la buluu. Na viatu vya kuazima, nadhani, alikuwa anavivuta."

"Alilisema jina langu?"

"Alilisema."

"Vipi? Alilisemaje?"

Kasim akamwambia. Alipomaliza, Mwanarusi akamwomba amwambie tena, naye akamwambia tena, taratibu zaidi, akiongeza kiti alichoketi, na namna walimu walivyogeuka, na kimya kilichofuata, mpaka huko Doha mtu akamwita na maji yakafunguliwa upya.