Nondo wa Kwenye Kuni

Harufu ya mkaratusi mbichi uliopasuliwa hunirudisha Ihanda, uani kwa mama, miaka ya themanini. Mnaijua harufu hiyo? Kali, inaingia mpaka machoni. Nilikuwa napasua kuni nilipomwona mdudu ametulia kwenye gogo, mnene, mkubwa kama kiganja changu, mabawa ya kijivu yenye mistari ya mawimbi. Kando yake kulikuwa na tundu, na ganda tupu alilojivua limechomoza nje nusu.

Mdudu wa namna ile hatukuwahi kumwona. Mama akamfunika kwa bakuli tumsubiri bwana shamba, aliyekuwa akipita kukagua kahawa.

Alipofika nilipiga magoti kumwamkia, kama wasichana wa kwetu tunavyofunzwa. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akafunua bakuli, akatoa picha zake za wadudu waharibifu, nyeusi na nyeupe, zimebandikwa kwenye kadi. Akaweka kidole kwenye mojawapo.

"Ndiye huyu. Nondo anayetoboa mibuni. Mama, mibuni yote ing'olewe, ichomwe moto."

"Nondo?" Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, na nondo alizozijua yeye ni vyuma vya kujengea. "Maawe! Chuma gani tena kinakula kahawa yangu?"

Bwana shamba alicheka hadi akakohoa. Nilikasirika, jamani! Kahawa ile ndiyo iliyotulisha tangu baba afariki, na mtu anacheka. Nikaitazama picha, bado niko magotini. Nondo wa pichani alikuwa na madoa meusi mabawani. Wetu hakuwa na hata moja.

"Siyo huyu," nikasema.

"Madoa yamepukutika. Bawa la nondo ni unga tu."

"Mbona mistari haikupukutika?"

"We mtoto! Haya, kama siyo huyu, ni nani? Mtaje jina."

Uso ulinichoma. Nikangoja mama anigombeze, maana kumjibu mgeni hivyo huku umempigia magoti kulikuwa utovu wa adabu mara mbili. "Simjui," nikasema, "lakini siyo huyu. Na ametoka kwenye kuni, hajatoka kwenye kahawa. Njoo uone tundu lake."

Hakuja. Mama ndiye aliyekwenda, akaingiza kidole tunduni, kisha akazunguka mibuni yake shina kwa shina akitafuta tundu kama lile. Hakulikuta. Akarudi, akasimama kwenye njia ya kuingilia shambani, mikono kiunoni.

"Umemsikia mwanangu. Hung'oi kitu hapa."

Bwana shamba alituita wakaidi, akaondoka. Mibuni ilibaki, nami nikasomeshwa kwa kahawa hiyo hiyo.

Tangu hapo nimetazama picha nyingi za nondo, vitabuni na sasa kwenye simu, na wetu sijamwona. Kwa miaka mingi iliniuma, nikidhani lile swali la jina lilinishinda. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba halikuwa swali langu kulijibu. Anayetaka kung'oa shamba la mtu ndiye wa kuthibitisha. Sisi kazi yetu ilikuwa kukataa, na tulikataa.